Changanya na Maji

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri na miguu haijavimba zaidi. Mimi mzima, ila usingizi naupata kwa kuuvizia. Naandika kwa sababu simu siku hizi huisikii, na haya mambo sitaki kuyapigia kelele hapa masjala, kila mtu ana masikio.

Majibu ya vipimo yametoka. Damu yako na yangu zinapatana. Daktari wa upasuaji amesema anaweza kukata kipande cha ini langu akupandikize wewe, na langu litakua tena lenyewe. Tatizo ni kwamba ini langu lina mafuta. Halifai kukatwa mpaka nipungue kilo sita, ndipo wapige picha upya.

Wamenipeleka kwa mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole anayeongea kama anasoma taarifa ya habari. Amenipa kopo la unga wa protini, niunywe asubuhi na jioni badala ya chakula. Akasema unga wenyewe hauna neno, kinachoharibu kazi ni kile unachouchanganyia. Maji ndiyo bora, hayana kalori hata moja. Yakinichosha, chai ya rangi au kahawa nyeusi iliyopoa, bila sukari. Maziwa yaliyoondolewa mafuta, nusu glasi. Maziwa ya lozi yasiyotiwa sukari, nikiyapata. Juisi, soda, asali na maziwa mazito nivisahau kabisa.

Jana nilijaribu na chai ya moto, nikidhani ni mamoja. Unga ukaganda madonge, nikayatafuna hivyo hivyo kwa kuogopa kumwaga dawa. Leo nimetumia maji. Ladha yake ni chaki iliyolowa. Lakini nitakunywa. Mama alipofariki ulinichukua, hukuuliza nina uzito gani.

Mpwa wako.

13 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeamka, na kwa hali yangu hilo ni jambo la kusimulia. Macho yamekuwa manjano mpaka jirani yangu muuza vifungo ananiambia nisikae karibu na meza yake, wateja watadhani ni vifungo vya shaba.

Hilo la wewe kukatwa limenifanya nicheke peke yangu na cherehani. Ulipokuwa mdogo, nikitaka kukushonea kifungo shati likiwa mwilini, ulianza kulia kabla sijatunga uzi kwenye sindano. Sikucheki kwa dharau. Nimekumbuka tu.

Daktari wa huku anasema tusiuvuke mwezi wa tano. Baada ya hapo sitakuwa na nguvu ya kulala kwenye meza yao. Nimemwambia mpwa wangu ni karani, mambo yake hayachelewi.

Usitafune madonge, mwanangu. Anza na maji kidogo, koroga mpaka ulainike, ndipo uongeze. Na kila unapoandika nitumie kipimo cha kiuno. Nina kitambaa cha kijivu nilichokificha muda mrefu. Nataka nikushonee suruali ya kutokea hospitali. Mkono bado unaweza mshono ulionyooka.

Mjomba wako.

27 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Vipi hamu ya chakula? Na kuwashwa kule usiku kumepungua?

Hapa naendelea vizuri. Nachanganya na maji kama nilivyoambiwa. Mwenzangu wa dawati la pili, tunayemwita Msumari kwa wembamba wake, ananiuliza kila asubuhi kama nimeajiriwa kupaka rangi kuta, maana nakunywa chokaa. Watu wanacheka, nami nacheka.

Mizani ya hospitali bado haijasogea sana. Huenda ni yenyewe. Yule dada wa lishe aliniangalia kidogo, akaniuliza tena nachanganya na nini. Nikamwambia.

Daktari pia alinieleza yanayoweza kunitokea mimi. Damu kuvuja, nyongo kuvuja, na wachache sana hawaamki. Nilimuuliza wachache ni wangapi. Akanijibu, na nikatamani nisingeuliza. Tangu siku hiyo nikiona kisu cha kufungulia bahasha pale kazini nakigeuza kitazame ukutani.

Kipimo cha kiuno sina, kwa sababu sina utepe. Nitatafuta.

Mpwa wako.

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Ninakula vijiko vichache. Kuwashwa kupo, tumezoeana.

Nimekuwekea utepe wangu ndani ya bahasha, nina mwingine. Zungusha usawa wa kitovu, usivute tumbo ndani. Wateja wangu wote walikuwa wanalivuta, halafu wanarudi kulalamika suruali inabana.

Andika namba tu. Maneno mengine si lazima.

Mjomba wako.

6 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Mwandiko huu ni wa muuza vifungo. Mkono wangu unatetemeka, kwa hiyo mimi nasema, yeye anaandika. Anaongeza na vituo vyake, mvumilie.

Sijapata barua yako wala namba. Nimeamua nisisubiri. Suruali nimeimaliza, imo kwenye kifurushi hiki. Nimeikata kwa kipimo chako cha mwaka jana. Itakukaa sawasawa.

Daktari nimemwambia aache kukungoja wewe. Unga uliobaki usiutupe, changanya na maziwa mazito, tia na asali. Kijana anayeshinda kazini anahitaji nguvu.

Na hili nimemwambia jirani aliandike kama nilivyolisema: nilikulea kwa sababu ulikuwepo. Hakuna kingine nyuma yake.

Namba ya simu ya jirani ipo chini. Ukikwama na lolote, mpigie.

Mjomba wako.

16 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Umeamkaje? Vijiko vichache bado vinapita?

Maji niliyanywa wiki ya kwanza tu. Baada ya yale maelezo ya daktari nilianza kununua maziwa mazito, yale yanayoacha ukungu kwenye glasi, nikaongeza na asali. Sikujiambia kwamba nakataa. Nilijiambia unga haumezeki. Asubuhi nakoroga, nakunywa, naenda kupanda mizani nikiomba isishuke. Utepe wako nilijizungushia siku ile ile ulipofika, nikaona namba, nikaurudisha kwenye bahasha.

Suruali ilipokuja niliivaa. Ilinikaa sawasawa. Nikakaa kitandani nayo muda mrefu.

Siku iliyofuata nilirudi kwenye maji. Maji tu, hata ile kahawa sikuigusa. Sikuacha kuogopa, Mjomba. Nakunywa huku naogopa. Jana wamepiga picha: mafuta yamepungua, ini linafaa. Daktari amewaandikia wa kwenu. Amesema kama bado una nguvu wanatupokea wote wawili wiki ijayo.

Suruali sasa inanipwaya. Sijaipeleka kwa fundi mwingine. Nitakuja nayo uipunguze mwenyewe kabla hatujaingia.

Nijibu haraka.

Mpwa wako.

20 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Sikungoja jibu. Jana nilimpigia muuza vifungo ile namba yake. Nilimuuliza hali yako, akaniuliza kama nimekaa. Nikamwambia nimesimama. Akaniambia cherehani yako ameifunika kitambaa, kisha akasema, "Njoo, mwanangu. Ila njiani usiharakishe."

Basi langu linaondoka saa nne. Nimeivaa suruali, nimeibana kwa utepe wako kwa sababu mkanda umeishiwa matundu.

Asubuhi hii nimechukua kopo la unga, nikauchanganya na maji. Kidogo kwanza, mpaka ulainike, ndipo nikaongeza. Nimekunywa wote.

Mpwa wako.