Noti Chini ya Sahani

Mjukuu wangu Devota,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako kaenda Lipingo kufuata usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa hiyo leo naandika bila mtu wa kunikosoa.

Unauliza kama uchukue hela wanazokuachia wateja hapo hotelini. Sikia. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walijaa Mbinga, na mhudumu hodari kuliko wote mjini nilikuwa mimi, elimu ya darasa la tano na maneno mengi. Mnunuzi mmoja akala, akalipa, akaacha noti chini ya sahani. Nikashtuka. Kwetu ukipokea hela ya mnunuzi kabla ya mavuno, hayo ni magoma: umeshamuuzia kahawa ingali mtini. Na baba alikuwa na shamba la kahawa kijijini kwetu Ruanda!

Nikamkimbilia stendi. "Mzee, chukua hela yako! Kahawa ya baba siuzi mimi!"

Akacheka. "Kijana, nakushukuru tu, umenihudumia vizuri."

"Basi sema kwa sauti, watu wasikie, kwamba hudai kahawa."

Akasema. Stendi nzima ikacheka, nami nikarudi na noti yangu nikitamba.

Mama mwenye hoteli alikuwa mlangoni, ananitazama. Mwisho wa mwezi akanipa nusu mshahara. "Nusu nyingine si wanakupa wageni?"

Kwa hiyo chukua, mchumba wangu. Lakini mimi mgeni nilimhoji mbele ya mashahidi, mama mwenye hoteli sikumuuliza hata neno. Wewe bosi wako muulize kabla mwezi haujaisha.

Babu yako, mhudumu hodari mstaafu