Swali la Paka wa Bibi

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako mdogo. Hujambo? Mshono umekauka? Unaweza kulalia ubavu sasa? Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu, ambalo limeanza kutabiri mvua na mara nyingi linakosea. Cherehani inazunguka, wateja wanalalamika, basi maisha yanakwenda.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu zetu hupokei. Sikulaumu. Umempigia mtu aliyekulea tangu marehemu mama yako atutoke, uko kitandani hospitalini unasubiri kuingizwa chumba cha upasuaji, naye anakukatia simu! Mimi ningenuna zaidi yako.

Lakini nivumilie kidogo nikueleze habari za mjomba wako, huyu tunayemtania Kufuli kwa kufungia kila kitu.

Unajua alikotoka. Alianza na chumba cha kompyuta nne, moja ikiwa mbovu, akaandika programu ya kulinda matokeo ya mitihani ya chuo kizima. Baadaye mabenki na hospitali zikawa zinamwita avunje mitandao yao kwa ruhusa, awaonyeshe matundu kabla wezi hawajayaona. Akapewa uprofesa. Kila mwaka somo lake la kwanza lilikuwa lile lile: anayebisha hodi athibitishe kwanza yeye ni nani.

Nyumbani nako hakutuacha. Mama wa mwenzake kazini alipotapeliwa na sauti ya mwanawe iliyotengenezwa na kompyuta, mjomba wako alitukusanya mezani akatupa swali la familia la kumuuliza kila apigaye kwa namba ngeni: paka wa bibi alikuwa akiitwaje? Tulicheka mpaka machozi. Wewe ndiye uliyecheka zaidi. Na ujue, hata mimi jina la yule paka nilikuwa nimeshalisahau.

Basi siku ile akaona namba ngeni, kumbe ya muuguzi, akasikia sauti inayokwaruza. Akauliza swali. Anasema ulijibu, "Mjomba, ni mimi." Akauliza tena. "Mjomba, ni mimi tu." Akakata, na jioni akanisimulia kwa majivuno jinsi alivyomshinda tapeli. Kesho yake rafiki yako akanipigia, akaniambia umepasuliwa na kwamba ni wewe uliyepiga. Nilipomweleza mjomba wako, alijibwaga kwenye kiti cha wateja, juu ya gauni la bibi harusi lililojaa pini, wala hakuhisi kitu.

Tangu hapo amekonda kama uzi.

Juzi alitoa somo lake la mwisho, maana anastaafu mwezi huu. Nilikwenda, nikakaa nyuma na wale wanaotafuna chingamu, nikijiandaa kusinzia. Badala ya michoro yake ya mitandao, akawasimulia habari ya ile simu mwanzo hadi mwisho, bila kujitetea. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Sasa profesa, ulikosea hatua gani?"

"Hatua zote nilizifuata," akasema. "Ila ninyi nimewafundisha kwamba kila mfumo lazima uwe na njia ya kumwingiza mwenye nyumba aliyepoteza ufunguo. Kwangu sikuiweka. Ningeweza kumwambia, nitajie wodi, nikupigie mimi. Sikumwambia." Kisha akageuka akaanza kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Mganga hajigangi, mwanangu. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau hasira zangu, na nilikuwa nimeapa kumnunia hadi mwisho wa mwaka.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nalijua hilo, na wewe unalo la tumboni na la moyoni. Sikuambii usikasirike. Ila siku ile uliogopa wewe, na sasa anaogopa yeye: anaogopa kwamba utakaa na hasira hizo mpaka yeye azikwe. Jumapili ya tarehe 22 mchana atakupigia kwa simu yangu. Anasema safari hii uulize wewe, swali lolote, na asipojua jibu ukate. Ninachokuomba ni kupokea tu.

Mke wa mjomba anakusalimu na anauliza kama unakula. Mwenye duka la chini naye anakusalimu, ameanza kupaka nywele rangi, usimwambie nimesema. Msalimie huyo rafiki yako aliyenipigia. Nikijua vipimo vyake nitamshonea shati. Mungu aufunge mshono wako na akufungulie njia.

Wako akupendaye pasipo maswali,
Mama Mdogo

Nimemwachia mjomba wako nafasi hapa chini. Ameshika kalamu mpaka chai imepoa, na alichoandika ndicho hiki:

Mwanangu, ni mimi tu.