Taa ya Tairi Niliyoizima Mwenyewe

Jumatatu, 11 Mei

Mvua tangu alfajiri. Kompresa imegoma mara mbili, nimeipiga kofi, ikawaka. Magari sita kabla ya saa tatu, manne yamekuja na taa ya tairi. Ile ya njano, alama ya mshangao ndani ya kitu kama chungu kilichokatwa mdomo. Wenye magari wanafika wamekunja sura utadhani injini imekufa. Nawaambia ni baridi. Usiku wa Tukuyu hewa inasinyaa ndani ya tairi, asubuhi upepo umepungua, taa inawaka. Ukitembea kidogo tairi inapata moto, taa inazima.

Ila nawaonya pia. Taa haiwaki mpaka tairi ipoteze kama robo ya upepo wake. Anayeisubiri taa amechelewa.

Mtaa wetu wa Bulyaga wote sasa wananiita Mama Taa. Miaka minane iliyopita nilipofungua hili banda waliniuliza fundi yuko wapi, na spana nimeishika mimi. Acha waniite.

Jumanne, 12 Mei

Bwana Salumu, muuza vitambaa wa mtaa wa Bagamoyo hapa hapa Tukuyu, amekuja na taa isiyozima. Inapepesa kwanza, kisha inabaki inawaka. Hiyo si upepo. Gari lake lina sensa ndani ya kila tairi, inapima na kutuma habari kwa mawimbi kama redio. Kila sensa ina betri yake, imezibwa humo humo. Betri ikifa hubadilishi betri, unanunua sensa nzima. Na gari lilizeeka Japani kabla halijapanda meli.

Nimemwambia aagize sensa. Yeye amebandika plasta juu ya taa. Nimecheka mpaka nimekaa chini.

Nimempimia kwa geji, upepo uko sawa. Lakini tairi moja imevimba ubavuni, kama jipu. Hakuna sensa inayoona jipu. Amekubali kuja Jumamosi tuitoe.

Alhamisi, 14 Mei

Mama hashikiki. Binti wa mdogo wangu Ambakisye amejifungua huko Kyela, mtoto wa kiume. Kitukuu wa kwanza wa Mama. Jumamosi Ambakisye anampeleka, pamoja na mama wadogo wawili na mikungu ya ndizi ambayo Mama anaichagua mwenyewe shambani kwetu Igogwe. Ana miaka themanini na moja. Anasema anataka kumwona huyo mtoto kabla macho hayajamwacha kabisa. Jicho la kushoto limeshamwacha.

Mimi siendi. Msimu wa baridi ndio msimu wangu.

Ambakisye na mimi tunapendana kwa utani, na mimi ndiye ninayeshinda. Mwaka jana alikwama kwenye tope la Igogwe, gari likavutwa na ng'ombe. Nimeisimulia hiyo habari msibani, harusini na nje ya kanisa. Bado ananuna.

Jumamosi, 16 Mei, saa tatu asubuhi

Wamepita saa mbili na nusu. Mama mbele na kilemba kipya, mama wadogo nyuma, ndizi mpaka juu ya keria. Taa ya tairi inawaka. Mvua inanyesha, na nina magari matatu yanasubiri. Nikasema baridi. Nikagonga tairi moja ya mbele kwa mpini wa nyundo, imejaa tope, nikapitisha mkono dirishani nikabonyeza kitufe cha seti mpaka taa ikapepesa na kuzima. Mama akanibariki. Wakaondoka. Dakika mbili, kazi kwisha. Najipenda nikiwa hivi.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Sasa naweza kuandika.

Salumu alikuja saa tatu na nusu. Nikapandisha gari lake juu ya jeki, nikatoa tairi yenye jipu. Akaniuliza kwa nini gari la jirani yake lina taa ya tairi lakini halina sensa. Nikaanza mhadhara, napenda mihadhara. Nikamwambia gari la namna hiyo halipimi upepo kabisa. Linalinganisha mizunguko ya magurudumu. Tairi iliyopungua upepo inakuwa fupi kidogo, kwa hiyo inazunguka haraka kuliko wenzake, kompyuta inashtuka. Zikipungua zote nne sawasawa, haioni kitu.

"Basi hilo hata baridi haliioni," akasema Salumu. "Si baridi inashusha zote pamoja?"

Spana ikanidondoka.

Gari la Ambakisye ni la namna hiyo. Najua, nalihudumia mimi. Taa yake haiwashwi na baridi. Iliwashwa na tairi moja iliyokuwa chini kuliko wenzake, na mimi nikabonyeza seti. Seti ni kuiambia kompyuta kwamba tairi zilivyo sasa ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Nimeifundisha ubovu, nikaiambia ndio uzima. Baada ya hapo inaweza kukaa kimya mpaka tairi inapasuka.

Halafu nikalikumbuka lile tope. Lilikuwa mpaka kwenye rimu. Ametoka Igogwe kubeba ndizi. Watu wetu wakitaka kupita kwenye tope wanatoa upepo tairi zote nne, kwa kijiti, kwa kusikiliza sauti tu, kwa hiyo hazilingani. Wanapita, wanafurahi, wanasahau kujaza. Alitoa upepo asikwame tena. Na hakuniambia, kwa sababu angeniambia leo, kesho ningekuwa nasimulia nje ya kanisa.

Nikapiga simu. Hapokei akiwa anaendesha, mimi ndiye niliyemkataza. Za mama wadogo hazipatikani. Tairi laini, watu wanne, ndizi, mteremko wa Kyela na joto la bondeni. Tairi laini inajikunja kila inapozunguka, inachemka yenyewe mpaka inachanika.

Nikachukua geji na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari, nikapanda bodaboda. Salumu akabaki kulinda banda, gari lake halina tairi. Nilimwambia dereva akimbize, kwenye utelezi nikamwambia apunguze, kisha akimbize. Kila kona nilitazama chini bondeni nione kama kuna ndizi zimetapakaa. Sijawahi kuogopa hivyo. Niliomba kwa Kinyakyusa, Kiswahili kilinikimbia.

Nikalikuta gari kijiji cha Ushirika, njia ya Kyela, limeegeshwa nje kwa shangazi yetu. Shangazi hamwachi mtu apite mlangoni kwake bila kula, na Mama hapiti bila kusalimia. Walikuwa ndani, wanakula. Nilikaa chini kwenye majani mabichi nikalia kidogo. Halafu nikapima.

Nyuma kushoto: kumi na mbili. Nyingine kumi na nane, kumi na tisa. Zinatakiwa thelathini na tatu. Ubavu wa ile ya nyuma kushoto ulikuwa bado wa moto. Ufunguo ulikuwa umeachwa humo, nikawasha gari nitazame dashibodi. Hakuna taa hata moja, safi kabisa.

Wakatoka wote. Ambakisye aliiona geji mkononi mwangu akajua.

"Dada, nilitoa upepo jana kwenye tope. Nikaona aibu kukwambia."

"Na mimi sikupima," nikasema. "Nilibonyeza tu. Kosa ni langu."

Nilisema kwa sauti, Mama asikie, shangazi asikie, na dereva wa bodaboda pia. Ilikuwa chungu. Nilitaka iwe chungu.

Nikapima tairi ya akiba, ambayo hakuna mfumo wa gari lake unaoitazama. Nusu. Nikaijaza, nikaifunga nyuma kushoto. Ile ya moto nikaitupia ndani ya gari, nikamkataza asiitumie tena. Nyingine tukasubiri zipoe, maana tairi ya moto inaidanganya geji. Shangazi akanilisha wakati tunasubiri, sikusikia ladha yoyote. Zilipopoa nikajaza zote, nikapima tena, ndipo nikabonyeza seti.

Saa tisa Ambakisye alipiga simu. Wamefika. Mama amemshika mtoto, amekataa kumrudisha kwa mama yake.

Jumatatu, 18 Mei

Magari matano, taa tatu. Nimepima yote, hata yasiyo na taa. Moja lisilo na taa lilikuwa na tairi yenye upepo wa ishirini na sita tu. Mwenye gari hakuamini mpaka nilipomwonyesha.

Bado mimi ndiye fundi bora wa matairi Tukuyu, nasema bila kupepesa macho. Ila neno baridi silitamki tena kabla sijainama na geji.

Jumanne, 19 Mei

Hakuna mvua. Wamerudi jana, na leo Ambakisye ameleta ile tairi. Mama alikuja naye, akaketi kwenye benchi la wateja.

Nje tairi ni nzima. Ungeiweka dukani ingenunuliwa. Nikaitoa kwenye rimu, nikaiinamisha, ukamwagika unga mweusi. Mwingi, kama majani ya chai yaliyosagwa. Ni mpira wenyewe, umejitafuna kwa ndani.

Ambakisye aliutazama akaondoka kwenda kusimama barabarani.

Mama akauliza ni nini. Haoni vizuri, ikabidi nimwekee kiganjani. Akausugua kwa kidole. Akaniuliza kama tairi hiyo ingewafikisha. Nikamwambia hapana.

Akaufumba ule unga kiganjani. Kisha akasema ndaga fijo. Asante sana. Nikamkumbusha kwamba ni mimi niliyeizima ile taa. Akasema alisikia siku ile, hajazeeka masikio. Akasema tena ndaga fijo, akaanza kunieleza mtoto alivyo na vidole virefu.

Nilileta maji kwenye kopo, nikamnawisha mikono. Weusi wa kwenye mistari ya kiganja haukutoka wote. Hakujali, alikuwa bado anaeleza vidole.