Jina Uliloliondoa Kwenye Khitma

Malindi, Unguja
Mwezi 3 Rajabu

Kwa kaka yangu Mazin,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa mama alinifunza kumwamkia mkubwa hata siku aliponikera, na wewe umenikera hasa. Natumai wewe, mkeo na watoto hamjambo nyote huko Maskati. Sisi wazima, mama magoti tu, na dari ya ukumbini imeanza tena kuvuja. Barua hii anakuletea Suhail mkononi, kwa vile anasafiri kuja huko, maana simu unazikata.

Kheir alipoleta posa, baba ni marehemu, kwa hiyo walii wangu, wa kuniozesha, ni wewe. Ukanitumia ujumbe wa sauti. Ulisema sisi hatuozi Watumbatu, kwamba fundi wa injini za maboti si kufu yangu, na kwamba nikamtafute Bi Mkubwa wetu, yule mama wa babu yake baba aliyeishi miaka mia na tisa, binti wa Nizwa ya Uarabuni, ndipo nitajijua mimi ni nani. Nina miaka thelathini na minane, unanituma kama mtoto anayetumwa dukani. Haya, nikaenda.

Nilianza na sanduku la baba. Chini kabisa, ndani ya kanzu yake ya Idi, nilikuta karatasi ya majina ya marehemu wetu aliyokuwa akimpa sheikh kila khitma ya Shaabani. Nikaiweka ubavuni mwa ile uliyoinakili wewe baba alipofariki, tunayoisomea mpaka leo. Majina kumi na saba yanalingana. Moja halilingani, la Bi Mkubwa. Baba kaandika: Sichana binti Nahodha, wa Jongowe, Tumbatu. Wewe umeandika: Muzna binti Matar, wa Nizwa.

Nilikutetea, wallahi. Nikasema kaka kapitiwa tu. Nikaenda kwa Bi Mwanakheir, jirani yetu wa nyuma, ambaye utotoni alikuwa akimtungia Bi Mkubwa uzi kwenye sindano. Alicheka. Alisema hakuna Muzna aliyepata kukaa nyumba ile. Alikuwapo Sichana, aliyeolewa kutoka Jongowe, na akikasirika alitukana Kitumbatu mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza. Kisha akashangaa kwamba hukuniambia. Ulikwenda kumuuliza maneno hayohayo mwaka ulioposa Maskati, uleule aliofariki baba, akakujibu kama alivyonijibu mimi, ukanywa kahawa yake, ukaenda zako.

Nimeghadhibika, Mazin. Hapa sikuiti kaka. Miaka kumi na tisa tunamuombea rehema mtu asiyepata kuzaliwa, na aliyetuzaa tumemnyima fatiha. Ulitaka mke, ukamfuta bibi. Aibu gani uliyoiona kwa mwanamke aliyelea vizazi vitatu katika nyumba hii? Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yetu, pa kurejea, ni Jongowe, upende usipende.

Sasa lililobaki, lisome umekaa. Zile simu tatu ulizokata mwezi uliopita hazikuwa za watu wa kuomba msaada, kama ulivyodhani. Zilikuwa za kadhi, akikutafuta uniozeshe au useme sababu ya kukataa. Sababu nikampa mimi. Nilimsikilizisha ujumbe wako, kisha nikamwekea karatasi zote mbili mezani. Alisoma ya baba, akasoma yako, akauliza mwandiko huu wa nani. Nikamwambia ni wa walii wangu. Akavua miwani, akasema sababu yako haisimami. Alhamisi iliyopita alisimama yeye mahali pako. Nimeolewa na Kheir, kaka.

Mama anakusalimu sana. Ufunguo wa sanduku alinipa yeye, bila ya kumuomba.

Karatasi yako imo ndani ya bahasha hii, hatuna haja nayo tena. Shaabani ukija, utasoma ya baba. Wabusu wanao, na uwaambie wana bibi yao Tumbatu.

Ni mimi nduguyo,
Rawiya binti Sleiman,
kilembwe wa Sichana binti Nahodha