Kisima cha Babu Kimetoa Chumvi, na Ammi Anakuja Kukifungua

Bi Riyama, shikamoo.

Nnakuandikia hapo gazetini kwako nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja, na vyote viwili vimeninyima hamu ya kula, kwa hiyo nivumilie nikiandika bila ya kupumua, maana hapa nyumbani hakuna hata mmoja wa kumwambia haya akanisikiliza mpaka mwisho.

Mimi ni Hind, mzaliwa wa Mji Mkongwe, nyumba yetu iko Malindi, na nnasomea shahada ya uzamili ya uhandisi na usimamizi wa rasilimali za maji, masomo ya darasani nshamaliza na sasa nimo kwenye utafiti wa visima vya upande wa Kusini, huko kwenye mawe ya matumbawe ambako babu yangu mzaa baba ndiko alikooa. Babu alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na ammi yangu Zahran, ndugu yake baba, ambaye yuko Maskati tokea ujana wake na ambaye ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki, akasema atamchimbia mzee wake kisima kule kijijini kwao bibi, iwe sadaka yenye kuendelea, kila atakayekunywa thawabu zimfikie babu kaburini. Sote tulilia kwa furaha, na mimi nlilia zaidi ya wote kwa sababu nliona basi, hii ndiyo kazi yangu khasa, haya ndiyo nnayoyasomea.

Lo! Nlijidanganya. Nlipima ardhi ile kwa miezi, nikamwambia ammi kwa adabu zote kwamba kule maji matamu ni tabaka jembamba tu, yameelea juu ya maji ya bahari yaliyoingia chini ya mawe, kama samli inavyoelea juu ya mchuzi, na mtu akitaka samli hatii kijiko mpaka chini ya sufuria, anaikomba kwa juu taratibu, kwa hiyo tuchimbe kisima kifupi, pampu iwe ndogo, tangi liwe kubwa. Unajua alinijibu nini? Kwamba yeye na rafiki zake huko Maskati wakichimba visima vya wazee wao huulizana cha nani kimekwenda chini zaidi, na hawezi kumchimbia baba yake kishimo kifupi kama cha kupandia mgomba. Kisha akatuma sauti kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, watu wote wanasikia: "Hind, wewe unasomea maji ya kwenye karatasi, mimi nataka ya kwenye ndoo." Wakacheka ukoo mzima, wa Unguja na wa Maskati, na mama yangu, Bi Ilham, aliyenizaa kwa uchungu wake, naye akacheka.

Wakachimba. Wakaenda chini, chini, mpaka mtambo wa kuchimbia ukaomba radhi, na maji yakaruka juu, safi, matamu, watu wakapiga vigelegele, picha zikarushwa kwenye grupu na kila mmoja akaandika alhamdulillah, na mimi kuanzia siku ile jina langu likawa Injinia wa Karatasi, hata binamu yangu mwenye duka huko Mlandege akawa ananiita hivyo mbele ya wateja.

Basi pampu kubwa ikavuta kutwa, siku kwa siku, na mimi nikawa nakwenda kupima visima vyangu vya utafiti kama kawaida, mpaka siku moja nikapita kwa Bi Mwatum, mdogo wake marehemu bibi, akanitilia chai, chai nzuri, nikamwuliza maji haya ni ya kisima cha babu? Akatazama pembeni. Akasema, "Mwanangu, kile kisima tunakishukuru sana, Mungu amlaze babu yako pema." Sivyo nlivyomwuliza! Nikatoka nikenda kisimani, hakuna mtu, hakuna ndoo, na wanawake wote wa kijiji nawaona kwa mbali wanakwenda upande wa pili kwenye kisima cha zamani, mwendo wa kuchosha miguu. Nikafungua mfereji, nikaonja. Chumvi! Nikatia kipimo changu, chumvi tupu. Na hakuna aliyesema neno, maana nani atathubutu kuitia kasoro sadaka ya maiti? Babu wanamwombea dua, na maharage yao wanayapikia maji ya kwengine, kwa sababu kwa haya yetu hayaivi na sabuni haitoi povu.

Sasa hapa ndipo utakaponiona mbaya, Bi Riyama. Nlicheka. Nlicheka peke yangu pale kisimani mpaka nikakaa chini, nikatamani kupiga vigelegele, kwa sababu kila hesabu nliyoifanya ilikuwa kweli, pampu imevuta mpaka chumvi imepanda kama nlivyoandika kuwa itapanda, na walionicheka wote hawajui.

Na ammi anakuja wiki ijayo na jiwe la marumaru lenye jina la babu, itasomwa hitma ya kumwombea, masheikh watakuwepo, na yeye ndiye atakayekunywa gilasi ya mwanzo mbele ya watu. Mama nshamwambia, kasema ninyamaze, eti mtoto wa ukoo haitii ila sadaka ya babu yake, na nisimuumbue mtu aliyenisomesha. Na moyo wangu, nakwambia kweli, nao unasema ninyamaze. Anywe. Anywe gilasi nzima, halafu tuone nani wa karatasi. Dawa ya kisima ninayo: tukizibe sehemu ya chini kwa saruji tubakishe ya juu, na pampu tuibadilishe. Msimamizi wangu wa chuo ameikagua akaridhika, na anataka kisima hiki kiingie kwenye tasnifu yangu kwa sababu kinaonesha jambo lote wazi wazi. Lakini nikisema nimemvunjia heshima ammi, na nisiposema nitaipata raha yangu. Nifanyeje?

Mwanao,
Hind

JIBU LA BI RIYAMA

Hind, marahaba mwanangu.

Kwanza chukua haki yako. Ulikuwa sahihi wewe, wakakosea wao, na asikwambie mtu kuwa ilikuwa bahati. Mimi hesabu zilinitoa mbio skuli, lakini hiyo ya samli na mchuzi nimeifahamu mara moja, na ammi yako kama hakuifahamu basi ni kwa kuwa hakutaka. Kukufanyia mzaha mbele ya ukoo mzima si uungwana, na mama yako kucheka naye ndiyo kumezidi. Wewe kucheka pale kisimani, halali yako. Hata mimi nimecheka huku.

Umemaliza kucheka? Basi kaa kitako nikugombeze.

Mama yako anataka unyamaze kwa heshima. Wewe unataka kunyamaza kwa kisasi. Mnanuniana ndani ya nyumba, kumbe mnataka jambo moja! Na huku mmenyamaza, kila mmoja kwa sababu yake, Bi Mwatum anabeba ndoo kichwani masafa yale yale aliyokuwa akienda kabla hamjachimba kitu. Umemwandika mama huyo mistari michache, kisha ukamwacha njiani na ndoo yake, ukarudi kwenye gilasi ya ammi. Mgonjwa unamwona, dawa unayo mkononi, na unangojea hafla. Daktari angefanya hivyo ungemwita nani?

Na hiyo gilasi unayoiota, hebu ifikirie vizuri. Mtu anayependa heshima namna hiyo, akionja chumvi mbele ya masheikh, unadhani atatema? Hathubutu! Atameza, atafuta mdomo, atasema alhamdulillah, maji matamu. Na akishasema hivyo hadharani hakuna tena wa kukigusa kisima kile. Utakuwa umekosa kisasi chako, na kijiji kimekosa maji kwa jumla.

Mama yako msomee hapa, na mwambie nimesema mimi Riyama: thawabu za marehemu zinatokana na wanaokunywa. Kwenye kisima hicho hanywi mtu. Kwa hiyo anayemnyima mzee thawabu zake ni huyo anayenyamaza, hata awe ananyamaza kwa adabu.

Sasa sikiliza. Leo hii baada ya Alasiri mpigie ammi yako. Usimtumie sauti, wala usiende kwenye grupu. Zungumza naye yeye peke yake, na mama akae ubavuni mwako asikie. Anza kwa kumshukuru, maana alikusomesha na hilo ni kweli. Kisha mwambie kisima kinaumwa, watu hawanywi maji yake, wanaona haya kusema, na dawa yake unaijua. Yale maneno ya "si nlikwambia" yameze. Najua yalivyo matamu, yameze hivyo hivyo. Mwambie kisima kirekebishwe kwanza, jiwe na hitma vitafuata. Akipiga kelele mwache apige mpaka achoke, simu usiikate. Mwisho mjulishe kuwa kisima kitaingia kwenye tasnifu yako bila ya jina la babu. Hilo usiliombe, mjulishe tu, kwa kuwa ni kazi ya jasho lako na kuna wengine wanataka kuchimba kule wapate kujua.

Utatetemeka. Tetemeka huku unapiga.

Riyama

Msomaji, jibu hilo nililipeleka kwa Hind mwenyewe, sikulitia gazetini, kwa sababu ammi yake alikuwa hajajua kitu. Leo nalitoa lote, pamoja na majina. Nilimwuliza Bwana Zahran kama anataka lake lifichwe, akakataa. Na Hind ameniandikia tena.

Bi Riyama wangu, shikamoo, na mikono yako naibusu!

Nlipiga. Mama alinishikia simu sikioni. Ammi alinisikiliza, kisha akapiga kelele kama ulivyosema, kwamba nimemwaibisha, wachimbaji wamemwaibisha, kijiji kizima kimemficha, na mimi nikameza maneno yangu. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Na mama Mwatum, naye hanywi?" Nikamwambia hanywi, ammi. Nikamsikia analia. Mimi nlikuwa sijui, kumbe bibi alipokuwa mgonjwa miaka ile, Bi Mwatum ndiye aliyemlea ammi utotoni, akimbeba mgongoni hata akienda kuteka maji. Akasema, "Mwanangu, fanya unavyojua."

Basi nlifanya nnavyojua! Mtambo ukarudi, tukaziba chini kwa saruji, tukakiacha kisima kipumzike, tukatia pampu ndogo inayovuta pole pole na tangi kubwa juu yake. Kila nikipima chumvi inashuka. Nikipima tena, inashuka. Nlikuwa silali kwa furaha. Siku kipimo kilipokubali nlimfuata Bi Mwatum kwake, sikumwambia neno, nikamshika mkono tu. Akakinga kwa kiganja, akaonja, akanitazama, akaonja tena. Kisha akageuka akapiga ukelele kuelekea majumbani: "Njooni nyie! Njooni, matamu!" Wakaja mbio na ndoo, na madumu, na masufuria, na mmoja kaja na birika la chai likiwa na majani yake ndani.

Hitma ikasomwa. Ammi akasimama na kanzu yake mpya mbele ya masheikh na kijiji kizima, akasema: "Chumvi ya kisima hiki niliitia mimi kwa ubishi wangu. Aliyeitoa ni binti yangu huyu, kwa elimu yake, na yeye ndiye atakayekunywa mwanzo." Binti yangu, Bi Riyama! Hakusema binti wa ndugu yangu. Nlikunywa huku machozi yananitoka na vigelegele vinanipasua masikio, na wallahi sijapata kunywa maji kama yale.

Na tasnifu nshaitetea. Waliniuliza masuala mpaka mgongo ukalowa jasho, nikayajibu yote, wakaniita ndani na kuniambia nimefaulu vizuri sana. Mama alikuwa ukumbini, kiti cha nyuma kabisa, akapiga kigelegele kabla hawajamaliza sentensi. Mwenyekiti akamwomba atulie. Akapiga cha pili.

Sasa simu yangu haipumziki. Ammi amewaambia rafiki zake wote huko Maskati kwamba mtu akitaka kumchimbia mzee wake kisima Unguja asitie mtambo mpaka Hind apime. Juzi alinipigia mmoja, mtu mkubwa, wa rika la ammi, ana kiwanja upande wa mashariki na mtambo keshaupatana. Nikenda nikapima. Nikamwambia ukweli, kwamba pale asichimbe hata kidogo, chumvi iko karibu mno, bora amjengee marehemu mama yake tangi la kuvunia mvua kwenye paa la skuli ya kijiji. Nikakaza roho nikangojea kelele.

Akasema, "Naam, injinia. Tangi nilijenge la ukubwa gani?"

Hind