Alirudia, Anarudia

Kyungu, mkubwa wangu wa dakika chache,

Nakuandikia hapa gare, kwenye kituo cha treni, nimekaa juu ya gunia langu la samaki, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta wa bohari. Mama yuko mbele kidogo, chini ya kipande cha paa kilichobaki, amejifunga kitenge chake cha misa. Anakusubiri. Wauza mikate wamepigiwa simu kwamba treni imetoka Bukama, lakini unaijua treni yetu. Inaweza kutoka Bukama leo ikaamua kulala porini mpaka kesho kutwa, na hakuna wa kuiuliza.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kuna neno moja nisiloruhusiwa kulitamka mbele ya mtu yeyote mjini hapa, nalo limenikaa kooni tangu mvua za mwaka jana. Sisi ni mapasa, wewe Kyungu, mimi Kabange, kama wanavyoitwa pacha wa Kiluba, na tangu siku tuliyozaliwa hata padri humwita mama yetu Mama Mapasa. Na mapasa hawafi. Mtoto mwingine akifa, watu wanalia na kugaagaa chini. Pacha akifa wanasema alirudia, yaani alirudi alikotoka, basi, hakuna kilio. Ukilia, ukatamka kwamba amekufa, mwenzake aliyebaki ataiona njia iko wazi, naye atamfuata. Aliyebaki ni mimi. Kwa hiyo mtaa mzima umefunga mdomo kwa ajili yangu, na mimi ndiye ninayekabwa.

Unakumbuka siku aliporudia mmoja wa wale mapasa wachanga wa jirani, hapa kambi ya reli? Tulichungulia kwenye ua wa matete. Wanawake walikuwa wanaimba nyimbo za mapasa, zile za matusi ambazo siku nyingine tungechapwa kwa kuzitaja, na mama wa mtoto alikuwa katikati yao anacheza, macho makavu, kiuno kinazunguka. Ulicheka mpaka tumbo likakuuma. Ukaniambia nikitangulia mimi utaniimbia ule wa mzee mwenye makalio makubwa, nami nikakuahidi mbaya kuliko huo. Sikukuimbia chochote, Kyungu. Nyimbo zile huimbwa mtoto amelala pale, watu wanamwona, na wewe hatukukuona.

Ulipoingia jeshini Baba tulikuwa tumeshamzika. Ile kazi yake ya kugeuza njia za treni, uliyoingojea tangu utoto, haikuwa na treni za kutosha hata kwa wazee waliokuwa nayo. Ulisema jeshini angalau watu wanakula. Ukafanya mafunzo hapa hapa, kwenye base ya jeshi, na tusiruhusiwe kukuona, kisha wakawachukua kwenda mashariki. Mama hakulia, alikuwa na shughuli. Si unamjua, kitu akipata pacha mmoja lazima na mwingine apate. Yai likiwa moja alilikata kwa uzi ili asiwepo wa kupunjwa. Wewe ulikuwa umepewa nguo za kijani, basi akatafuta kitambaa cha kijani akanishonea blauzi. Nilimwambia mimi sikuandikishwa jeshini. Akaniambia niivae na niache maneno mengi.

Kisha ikaja simu ya Ilunga, yule rafiki yako wa Kabongo mliyefanya naye mafunzo. Niliweka sauti kubwa kwa sababu Mama naye alitaka kusikia. Mtandao ulikuwa unakatikakatika. Ilunga ni Muluba aliyelelewa vizuri, hakuweza kumtamkia Mama Mapasa lile neno. Alisema polepole, kama mtu aliyejizoesha kabla ya kupiga: "Mama, Kyungu alirudia." Simu ikakatika.

Nilijua palepale. Nilishika mlango. Nikamtazama Mama nikingoja aanze wimbo, awaite wanawake wa kambi, afanye lile linalofanywa. Mama alifuta mikono kwenye kitenge, akasema: "Umesikia? Anarudia. Kabange, fagia nyumba."

Silabi moja tu. Ilunga alisema ali, Mama akasema ana. Aliyekwisha rudi na anayerudi, kati yao kuna silabi moja, na Mama aliibadilisha bila kupepesa jicho. Nami nikafagia. Ningefanya nini? Nilifagia chumba chako na uwanja wote mpaka njiani, vumbi likaniingia machoni, na nilishukuru lile vumbi.

Baadaye nikaenda nyuma ya nyumba nikampigia Ilunga. Alikuwa analia, yeye si pacha wa mtu. Alisema mlikuwa juu ya kilima, mvua inanyesha, mkaambiwa mrudi nyuma, na wewe ulikuwa umeshaanguka. "Tulimuacha kule ku kilima, dada. Hakukuwa namna." Tangu siku hiyo namba yake haipatikani. Nilikwenda kuuliza getini kwenye base, askari aliyekuwa zamu, mdogo kuliko sisi, akanijibu kwa adabu kwamba majina hayajafika, nirudi. Nimerudi mara nyingi. Hayajafika.

Basi sasa nikupe habari za hapa, maana najua ungeuliza. Bomba la maji la kambi limekauka, tunachota mtoni. Nyumba ya kona imeanguka ukuta mmoja na watu bado wanaishi ndani. Samaki wanaokuja na treni wamekuwa wadogo, nami nawauza hivyo hivyo, na wateja wananitukana mimi utadhani ndimi niliyewazaa. Yule fundi wa baiskeli aliyekuwa anapita kwetu kila jioni kutusalimia hapiti tena. Simlaumu. Nani anataka kuoa mtu ambaye mtaa mzima unamtazama kama abiria?

Na una jogoo. Mama alimtenga siku ile ya simu, wa kuchinjwa utakapofika. Alikuwa mkali, akanidonoa miguu, nikamvumilia kwa heshima yako. Akapata ugonjwa wa kuku, akafa. Mama alirudi kutoka uani akasema, "Jogoo ya Kyungu alikufa," wazi kabisa, akaenda kutafuta mwingine. Nilikaa jikoni nikacheka peke yangu kwa hasira. Jogoo anaruhusiwa kufa, wewe hapana.

Treni zote tunakuja. Mama ananivisha blauzi ya kijani ili eti utuone kutoka mbali. Mara moja askari mmoja aliniuliza nimeitoa wapi, akataka niivue hapo hapo, na Mama akamwelezea habari za mapasa tangu mwanzo mpaka askari akachoka akaenda zake. Treni ikifika, Mama hasukumani na watu. Anasimama mpaka wa mwisho ashuke. Wakishuka askari, wengine na magongo, wengine mkono mmoja, anawaendea, anawapa pole ya safari, anawapa maji. Hajawahi kumuuliza hata mmoja kama anakujua. Jambo hilo lilinikera. Nilijiambia, huyu mwanamke amechanganyikiwa, anakuja kumpokea mwanawe na hata jina lake halitaji.

Nilijaribu. Nilimwambia twende kwa padri, akusomee misa ya marehemu, misa si kilio, hata Kanisa linaruhusu. Alikwenda peke yake, na Jumapili nikasikia jina lako likisomwa pamoja na la mama mkwe wa katekista aliyekwenda Lubumbashi kutibiwa macho. Tuliwaombea wasafiri. Niliitikia pamoja na watu wote.

Nitakuambia na hili, kwa sababu tulikuwa hatufichani. Nimechoka. Bukari, ugali wetu, inanishinda, matonge mawili natosheka. Kuna asubuhi naamka nasikia kama umeniita kutoka nje, ile namna yako ya kuita jina langu na kulivuta mwisho, na kabla akili haijaamka miguu imeshashuka kitandani. Sikuogopi, hilo ndilo linaloniogopesha. Hapa nimebaki na nini? Mama ameona nimekonda. Blauzi ameipunguza ubavuni mara mbili, na kila akiipunguza anavuta uzi kwa nguvu mno.

Naandika haraka, maana wachuuzi wameanza kunyanyua mabeseni yao. Nimetafuta mahali pa kulitua neno langu nikakosa. Si nyumbani, si kanisani, hata sokoni wananiziba mdomo kwa viganja vyao. Nalitua hapa. Umekufa, Kyungu. Umekufa kwenye kilima nisichokijua jina, kwenye mvua, katika vita ambavyo hukuvianzisha na ambavyo havikupungua hata kidogo kwa kufa kwako. Walikuacha pale na hakuna aliyekuimbia. Sikupata hata udongo wa kukutupia. Umekufa, nimebaki nusu, na sijui nusu ya mtu inaishije.

Nimeliandika, na sikuanguka.

Niliposimamisha kalamu hapo Mama alikuwa amekuja. Alisimama akanizibia jua, akauliza naandika nini. Nikasema barua. "Ya Kyungu?" akauliza. Sikuweza kumdanganya, nikaitika kwa kichwa. Nilingoja aniambie nikukumbushe ulete sabuni, au nikuambie jogoo amenenepa. Alizitazama reli. Uso wake haukubadilika. Kisha akasema, sauti ya chini ili wachuuzi wasisikie:

"Muandikie kama mama yake hayalia. Hata siku moya."

Akaninyooshea blauzi begani, akaondoa magamba ya samaki yaliyokuwa yameniganda.

"Na muambie asikuite."

Akarudi mahali pake chini ya paa.

Kumbe alisikia, Kyungu. Siku ile ile, neno lile lile, alilisikia vizuri kuliko mimi. Jogoo, ufagio, kitenge cha misa, majina ya wasafiri, yote haya yalikuwa ni kunifungia mimi mlango. Mwanawe amekufa, naye hajatoa chozi moja, mvua zimekwisha na nyingine zimeanza, ili mimi nisiende. Nami nilikuwa nalala kitanda cha pili nikimwona mpumbavu. Sijui anakiweka wapi, kilio chote hicho. Nataka kwenda kumshika, na nikimshika tutalia, na tukilia kazi yake yote imeharibika. Kwa hiyo nimekaa hapa kwenye gunia langu.

Basi, mkubwa wangu, naufikisha ujumbe kama nilivyopewa. Mama yako hajalia. Usiniite. Ukinikumbuka, nikumbuke kimya kimya, na ukinisikia nimechelewa, vumilia, wewe ulinitangulia hata siku ya kuzaliwa na ukaningoja. Nami nakuahidi: nitaimaliza bukari atakayonipakulia, hata ikinipalia. Nitakuja naye hapa kila treni, nimevaa kijani, nitawapa maji hao wanaoshuka, nitamsaidia kusema anarudia. Siku Mama naye atakapoondoka, na yeye si pacha, yeye analiliwa, sitakuwa na wa kunizuia tena. Siku hiyo watu watadhani namlilia mtu mmoja.

Karatasi hii jioni naiweka motoni, chini ya sufuria. Pumzika pale ulipo, kama wamekuacha upumzike.

Treni inalia kwenye kona. Yenyewe haijakatazwa. Mama amesimama, ananitafuta kwa macho, nami nakwenda kusimama naye.

Kabange