Mkono Niliounyoosha Siku ya Kuwaaga Wageni

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo cha Polisi, Morogoro mjini
Tarehe: 19/07/2025, saa 4:10 asubuhi
Jina: Alois Bartholomeo Mkude
Umri: Miaka 54
Kabila: Mluguru
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Mkulima wa kabichi na karoti
Makazi: Kitongoji cha Lubungi, milima ya Uluguru
Kuhusu: Kupotea kwa mtoto Upendo Gervas, miaka 8

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa na Koplo Shadia niseme kweli tupu, nami nitasema. Ameniamkia shikamoo kabla ya kuniuliza chochote, ndiyo maana naongea. Nimeambiwa nimeitwa kama shahidi. Kama nitatoka humu nikiwa bado shahidi, hilo sijui.

Upendo ni mtoto wa marehemu dada yangu Cecilia, aliyefariki mtoto akiwa anajifunza kutembea. Baba yake ni shemeji yangu Gervas, kibarua wa mashamba ya miwa, na huko ameoa tena. Si mtu mbaya. Anakuja Krismasi na Pasaka. Mtoto analelewa kwangu, na mke wangu Esther ndiye anayemwita mama.

Afande ameniuliza mimi ni nani wa mtoto huyu kisheria. Nimejibu ni mjomba wake. Ameuliza tena, kisheria. Mimi sheria yenu siijui yote, nasema ninayoijua. Kwetu Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Baba anampenda na kumnunulia madaftari, lakini mtoto akiposwa, akiugua sana au akitaka kupelekwa mbali, anatafutwa mjomba kwanza. Mjomba asipotafutwa, hapo kuna jambo.

Mnamo mwezi wa saba mwaka 2023 ndipo alipofika kwetu kwa mara ya kwanza Mchungaji Curtis kutoka Marekani, pamoja na waumini wake. Mwenyeji wao ni Mchungaji Rogers, mwenye kanisa Mafiga na tawi moja huku kwetu mlimani. Yeye ndiye pia mkalimani wao. Wanakaa kama wiki moja na nusu, wanapaka rangi darasa, wanacheza mpira na watoto, wanahubiri, wanaondoka. Darasa ni lile lile. Lilipakwa bluu, likapakwa kijani, na mwaka huu limerudi bluu. Curtis aliwahi kunionyesha picha ya kanisa lake kwenye simu. Ni dogo, banda letu la kuhifadhia kabichi linalizidi. Nilijiuliza mtu mwenye kanisa dogo namna ile anatafuta nini kwetu kila mwaka. Sikumuuliza, maana mgeni njoo mwenyeji apone.

Mwaka ule wa kwanza walitaka kumpiga picha Upendo. Alikuwa amevaa viatu vyeusi nilivyomnunulia sokoni Morogoro. Rogers alimwambia avivue, ndipo wakampiga picha akiwa peku, amesimama kwenye tope. Niliona kwa macho yangu. Nilimuuliza Rogers, "Viatu vina kosa gani?" Alicheka akasema, "Mzee, ni picha tu." Toka siku hiyo nilianza kumwangalia. Watoto wenye mama zao walipigwa picha pamoja na mama zao. Wetu alipigwa peke yake, kila mwaka, na mimi nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo.

Sasa naeleza habari ya mikono, kwa sababu ndiyo iliyonileta hapa.

Sisi kijijini ni Wakatoliki tangu enzi za mababu. Lakini wageni wakihubiri, tunakwenda. Mwishoni Curtis huuliza nani anataka kuokoka, Rogers hutafsiri, na watu wote hunyoosha mikono. Tunanyoosha kwa heshima. Mtu hawezi kupanda ndege na kupanda mlima wetu, halafu aikute mikono imelala mapajani. Mimi nimeokoka mara mbili kwa njia hiyo na Jumapili bado naenda misa. Curtis hulia kila anapoiona mikono. Zamani machozi yale yalinigusa.

Mnamo tarehe 16/07/2025, siku ya Jumatano, kulikuwa na ibada ya kuwaaga. Nilitoka shambani nikachelewa, nikafika kama saa tisa alasiri. Nilikaa nyuma kabisa karibu na ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo jenereta ya spika ilikuwa inanguruma. Nilikuwa naona midomo tu. Nilimwona shemeji Gervas mbele amevaa suti. Nilishangaa, kwa kuwa haikuwa Krismasi wala Pasaka. Curtis alimshika Upendo bega, akasema maneno. Rogers akasema maneno. Mikono ikanyooka kanisa zima. Na wangu niliunyoosha.

Wakapiga makofi, nami nikapiga. Nilimwinamia jirani yangu Bernadeta nikamuuliza, "Tumeokoka tena?"

Alisema, "Leo hatujaokoka, kaka. Tumekubali Upendo aende Marekani akakae kwa mchungaji, asome huko. Nimekuona nawe umenyoosha, nikajua mmeshakaa kikao cha ukoo."

Nilijaribu kwenda mbele lakini watu walikuwa wanacheza na kuimba, na mtoto alikuwa amevishwa koti jipya linalomfika magotini.

Baada ya ibada nilimfuata Rogers kwenye gari. Nilimwambia mtoto haendi popote. Alisema, "Mzee Alois, baba mzazi amekubali, kijiji kimekubali, na wewe mwenyewe umenyoosha mkono. Picha ipo." Akanionyesha. Kweli nilikuwepo, nyuma, mkono juu, natabasamu. Afande naye amenionyesha picha hiyo hiyo leo. Ni mimi. Siikatai.

Nilimwomba amwambie Curtis kwamba mimi ndiye mjomba. Alizungumza naye kwa Kiingereza, na sijui alimwambia nini, kwa sababu Curtis alinikumbatia na kunishukuru. Alikuwa analia tena. Nadhani yule mzungu anaamini kweli kabisa kwamba anafanya wema, na hilo ndilo linalonitisha. Rogers hakunitazama usoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Shemeji Gervas alisema tu, "Kaka, atapata maisha." Nilimuuliza kwa nini hakunitafuta kwanza. Alisema Rogers alimwambia mambo ya ukoo yatachelewesha. Walikubaliana gari lije kumchukua mtoto Ijumaa saa moja asubuhi.

Jumatano hiyo jioni nilimuuliza Upendo mwenyewe kama anataka kwenda. Alifikiri kwanza. Kisha akasema anataka, ila arudi jioni.

Nilitoka nje nikakaa kwenye kuni. Nilikasirika na kila mtu, na zaidi na mkono wangu.

Mnamo tarehe 17/07/2025, Alhamisi, saa nane mchana, mimi na Esther tulimpandisha Upendo kwa bibi yake, mama yangu mzazi Angelina, anayekaa kitongoji cha juu ambako gari halifiki. Mama alisikiliza habari yote akiwa anachambua maharage. Alisema, "Mtoto analala kwa bibi yake. Tangu lini hiyo ikawa kesi?" Koti tulilikunja nikalipeleka kwa Bernadeta, alirudishe kwa wenyewe.

Ijumaa gari lilikuja. Niliwaambia mtoto yuko kwao. Rogers alidhani kwao ni kwa Gervas, au alijifanya kudhani hivyo. Walizunguka kijiji, kisha wakaja hapa kituoni kuripoti kwamba mtoto amepotea na kwamba anayejua alipo ni mimi.

Kwa hiyo afande akiniuliza mtoto alipotea saa ngapi, siwezi kutaja saa. Hakupotea. Yupo hapo nje kwenye benchi na bibi yake. Tumeshuka wote leo alfajiri. Mama alisema tusije mikono mitupu, polisi hawaamini maneno.

Ninachoomba ni kimoja. Curtis aitwe, atafutwe mkalimani asiye Rogers, na aulizwe aliambiwa mtoto huyu ana nani. Kama aliambiwa hana mtu, basi aletwe hapo kwenye benchi aone.

Nimesomewa maelezo haya, na ni yangu mwanzo hadi mwisho. Afande ameniuliza kama nayakubali. Nimemjibu kwa mdomo. Mkono siunyooshi tena.

Sahihi ya shahidi: A. B. Mkude

Maelezo ya askari: Nathibitisha kuwa nimeyaandika kama alivyoyatamka shahidi, nikamsomea, akasaini mbele yangu. Nilitoka nje saa 6:05 mchana. Nimemkuta mtoto Upendo Gervas amekaa kati ya bibi yake na mama Esther, ana afya njema, anakula muhogo. Amevaa viatu vyeusi. Nilimuuliza anaitwa nani na amekuja na nani. Alijibu maswali yote mawili, kisha akaniuliza kama mjomba wake nimemmaliza, kwa sababu wanataka kurudi kabla ya jioni.

WP Koplo Shadia